Hii kofia ya babu ni ya vita gani, na ni shingapi?

Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita tuliweka picha ya kofia ya chuma ya zamani tukauliza nani anaijua. Maswali yaliyokuja ni mengi mno, mpaka nimeamua safu ya mwezi huu yote iwe ya kofia za vita. Nimechagua sita. Majibu mengine marefu mengine mafupi, inategemea picha ulizotuma na kitu chenyewe. Ila kabla hujasoma hata moja nakuomba: hiyo kofia uliyonayo usiisugue, usiipake rangi, usiitie mafuta, iache na uchafu wake hivyo hivyo.

*Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa Keya (askari wa mkoloni, King's African Rifles), alipelekwa Burma akarudi salama. Ameacha kofia ya chuma bapa kama sinia, bibi alikuwa anawekea kuku maji. Sasa kuna jamaa wa chuma chakavu anaitaka kwa kilo, na mwingine wa mjini anasema ni antiki atanipa laki moja. Ni ya vita gani? Thamani yake ni nini? Nafikiria niipige msasa na spreyi ya kijani ing'ae kabla sijaiuza. (Msomaji, Moshi vijijini)*

Marahaba mwanangu. Msasa na spreyi weka chini kwanza, tena leo hii. Rangi iliyobaki kwenye hiyo kofia, hata kama ni vipande vipande, ndo kitambulisho chake. Ukiikwangua unabaki na bakuli la chuma ambalo hakuna mtu anaweza kusema lilitoka wapi. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi iliyopita na kofia niliyopewa na jirani, ndani kulikuwa na herufi zimeandikwa kwa rangi nyeupe, nadhani jina, nikasugua kwa brashi ya waya mpaka zikapotea zote. Mpaka leo inaniuma. Alafu rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi yenye sumu ndani yake, ile vumbi ya msasa sio ya kuvuta kifuani wala kuacha watoto waichezee.

Sasa tuingie kwenye picha zako. Hilo umbo la sinia ni la Muingereza. Lilibuniwa na John Brodie, akaandikisha hakimiliki London 1915, na askari wakaanza kugawiwa mwishoni mwa mwaka huo huo. Zipo namna mbili kubwa za kofia hii. Ya kwanza, Mk I, ni ya vita vya kwanza. Ya pili, Mk II, ilitoka 1938 na ndo iliyovaliwa vita vya Hitla. Kwa macho ya mbali zinafanana kabisa, tofauti iko ndani. Geuza kofia uangalie utosini: Mk II bitana yake yote imeshikwa na skrubu moja tu pale katikati, na mkanda wa kidevuni ni wa turubai wenye springi ndani yake unavutika kidogo. Mk I ina ribiti pale utosini badala ya skrubu, na mkanda wake ni wa ngozi. Ila usikimbilie kuhukumu kwa bitana peke yake, maana mwishoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walichukua maganda mengi ya Mk I wakayatia bitana mpya, kwahiyo unaweza kukuta ganda la baba na tumbo la mwana.

Kwenye picha yako ya tatu naona skrubu, bitana imeliwa lakini msalaba wake bado upo. Hiyo ni Mk II, kwahiyo vita vya babu yako na kofia vinaendana. Chukua tochi uangalie chini ya ukingo, sehemu ya karibu na pale mkanda unapofungwa, taratibu bila kukwangua, mara nyingi pana herufi za kiwanda na mwaka zimegongwa kwenye chuma. Ukiona BMB ni Briggs Motor Bodies wa Dagenham, RO&Co ni Rubery Owen, HBH ni Harrison Brothers & Howson, JSS ni Joseph Sankey. Mwaka ukiwa 1939 mpaka 1943 hivi basi umekamilisha. Kama bitana ina mhuri wa wino wenye mwaka wake, uandike nao, na usishangae ikitofautiana na ganda mwaka mmoja miwili.

Kuna kitu kingine naomba uhesabu: matundu kwenye ukingo. Kofia ya mstari wa mbele haina matundu. Zile zilizotobolewa ukingoni, chuma chake kilikuwa hafifu, zikapewa walinzi wa raia huko Uingereza wakati wa mabomu, hazikuruhusiwa vitani. Lakini ukikuta matundu matatu kwa nyuma tu, yamepangana, hapo ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni kofia ya Afrika Kusini, yale matundu yalikuwa ya kufungia kitambaa cha kukinga shingo na jua. Wanajeshi wa Afrika Kusini walipigana huku kwetu 1940 na 1941 dhidi ya Waitalia, wakipitia Kenya, kwahiyo kofia zao kubaki Afrika Mashariki sio ajabu. Na ukiwa na sumaku ijaribu, ile ya kwenye spika mbovu ya redio inatosha. Ganda zuri la Muingereza limetengenezwa kwa chuma cha manganizi, sumaku inagoma au inashika kwa uvivu sana. Ikinasa kwa nguvu kwenye kofia yenye matundu, jua ni ile ya walinzi wa raia.

Thamani. Mk II zilitengenezwa kwa mamilioni, kwahiyo kwa mkusanyaji wa Ulaya ganda lenye kutu bila mkanda sio kitu cha kumtoa jasho, kuna nyingi. Kinachopandisha bei ni ukamilifu (ganda, bitana na mkanda vya kipindi kimoja), rangi ya asili, na zaidi ya vyote alama ya kikosi au jina la mtu linalothibitika. Na hapo ndo penye mali yako wewe. Kofia yenyewe haiwezi kusema Burma. Watu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw 1944, kwenye picha nyingi utawaona na kofia za pama, sio za chuma. Lakini kama kuna kitabu cha kuachishwa jeshi chenye namba yake, nyota ya Burma (nishani ya vita hivyo), picha yake na sare, hata barua moja, viweke pamoja na kofia kwenye sanduku moja na visitenganishwe. Nyota zile za Waingereza zilitolewa bila jina nyuma, sasa ikishauzwa mbali na karatasi zake haimjui tena mwenyewe. Mwulize bibi kama yupo hai, au wazee wa ukoo, waandike kila wanachokumbuka: alijiandikisha wapi, alirudi na nani.

Jamaa wa chuma chakavu mnyime. Hiyo kofia ina kilo moja na ushee, utapata hela ya mkate. Wa laki moja, kwa ganda peke yake lilivyo kwenye picha hajakuibia, lakini akikuambia aongezewe na nyota na kitabu ndani ya hiyo hiyo laki mfukuze. Ushauri wangu mimi usiuze kabisa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usiifunge kwenye mfuko wa nailoni maana inatoa jasho humo ndani na kutu inakimbia, iweke juu ya kabati penye hewa. Kuku watafutieni bakuli lingine.

*Kaka habari za kazi. Hapa Tanga kuna mtu anauza kofia ya Mjerumani, ile inayoshuka masikioni, anasema babu yake aliiokota baada ya vita vya Tanga 1914, na ubavuni ina alama ya swastika. Anataka milioni moja na nusu na anasema kuna mzungu anakuja Jumamosi. Niwahi? (Msomaji, Tanga)*

Usiwahi. Mwache mzungu aje.

Nakueleza polepole kwa sababu hii hadithi naisikia kila mwaka na watu wanaliwa hela. Vita vya Tanga vilikuwa mwanzoni mwa Novemba 1914. Wakati huo hakuna jeshi lililokuwa limegawia askari wake wa miguu kofia ya chuma ya kuzuia vipande vya mizinga. Mfaransa ndo alianza 1915 na ile kofia yenye upanga utosini kama wa jogoo, ya Adrian. Muingereza akafuata mwisho wa mwaka huo. Mjerumani, hiyo inayoshuka masikioni, ilibuniwa na Friedrich Schwerd wa Hannover na kuanza kutumika mapema 1916 kwenye vita vya Verdun, Ufaransa. Pale Tanga askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la shingoni, wazungu wao walivaa helmeti nyepesi za jua au pama, na waliokuja kwa meli kutoka Bara Hindi walikuwa na vilemba na helmeti za jua.

Utaniuliza, je hazikuletwa baadaye? Waingereza walikuwa wamefunga bahari. Meli ya mwisho ya Wajerumani kupenya na kuleta vifaa ilikuwa Marie, ikatia nanga ghuba ya Sudi kule Lindi Machi 1916, wakati ambapo hata kule Ulaya kwenyewe kofia hizo ndo kwanza zinatoka kiwandani na zinagombaniwa. Novemba 1917 walijaribu kwa ndege puto, zeppelin L59, ikatoka Bulgaria ikafika juu ya Sudani ikageuza. Basi. Von Lettow aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Na hiyo swastika haikuwa alama ya jeshi la Mjerumani mpaka Hitla anashika nchi 1933. Kwahiyo huyo bwana kwenye kofia moja ameweka 1914 na Hitla pamoja, haiwezekani kabisa.

Inaweza kuwa nini basi? Inawezekana ni kofia ya kweli ya vita vya pili iliyofika hapa kwa njia nyingine, sijaishika siwezi kukataa. Mjerumani alikuwa na M35, M40 na M42. Angalia tundu la hewa ubavuni: M35 ina kipande cha pete kimepachikwa, M40 na M42 tundu limefinyangwa na chuma chenyewe. Angalia ukingo: M35 na M40 umekunjwa kwa ndani, M42 umeachwa mkavu kama ulivyokatwa. Ndani ya ganda, kwa pembeni au nyuma, panatakiwa pawe na herufi na namba mfano ET64 au Q66, ET ni kiwanda cha Thale, Q ni Quist wa Esslingen, na namba ni saizi ya ganda. Bitana ni ngozi yenye ndimi nane zinazokutana juu kwa kamba, na imeshikwa na pini tatu. Pasipo herufi wala namba, ngozi ikiwa ngumu mpya imepakwa chai izeeke, kutu ya rangi moja kote kama imemwagiwa tindikali, hiyo ni nakala. Zipo pia kofia za Hungaria na Hispania zinazofanana sana na hii. Ya Hungaria ina kishikizo cha chuma nyuma, ya Hispania kiko mbele.

Na alama za ubavuni ndo zinazoghushiwa kuliko kitu chochote kwenye hii biashara, sababu kofia ile ile ya kawaida ikibandikwa alama ya SS, lile jeshi la chama cha Hitla, bei inaruka mara nyingi. Watu wanachukua ganda halisi wanabandika alama ya jana. Angalia mikwaruzo kwa kioo cha kukuzia: kama mkwaruzo uko kwenye rangi, ukifika kwenye alama unaishia na alama iko nzima juu yake, basi alama imekuja baada ya mkwaruzo. Milioni moja na nusu nunua mbuzi.

*Sasa mhariri, mimi niko Naivasha. Nimechimba choo nikapata helmet ya chuma, duara, ukingo mfupi, rangi ya kijani-kijivu imebaki kidogo. Iko na matundu matatu, mawili pande na moja nyuma. Ni ya nani? (Msomaji, Naivasha)*

Asante sana kwa picha zilizo wazi. Hiyo ni ya Mwitalia, M33, ilianza kutumika miaka ya 1930. Yale matundu matatu ni ribiti zilizo wazi katikati, zinafanya kazi mbili kwa pamoja, kupitisha hewa na kushika bitana. Hapo ulipo inaeleweka kabisa: Waitalia waliposhindwa Ethiopia, mkuu wao Duke wa Aosta akajisalimisha Amba Alagi Mei 1941 na Gondar ikaanguka Novemba, maelfu ya mateka waliletwa Kenya, na kale kanisa kadogo ka Mai Mahiu hapo chini yenu walikajenga wao 1942. Siwezi kusema hii imetoka kwa mateka au kwa askari wa kwetu aliyerudi nayo kama ukumbusho. Angalia mbele kwenye paji kama kuna kivuli cha mchoro mweusi, ilikuwa alama ya kikosi, hiyo ikionekana hata nusu ni jambo kubwa. Iliyochimbwa ardhini thamani yake ya pesa ni ndogo. Usiioshe kwa maji, iache ikauke kivulini wiki mbili ndo upanguse udongo kwa brashi laini ya rangi. Na shimo lenyewe nenda pole pole, ukikutana na kitu chochote chenye umbo la risasi au bomu toka, usiguse, piga simu polisi.

*Habari kutoka Minneapolis. Huku kwenye magulio ya Jumapili kofia za jeshi la Marekani zimejaa, kila muuzaji anasema yake ilikuwa Normandy, kule Ufaransa waliposhukia 1944. Nataka moja ya kweli ya vita vya pili, si kwa biashara, napenda tu historia. Nianzie wapi? (Msomaji, Marekani)*

Karibu kwenye ugonjwa huu mzuri. Kofia unayoiona ni M1, iliyokubaliwa rasmi 1941, na wakati wa vita vya pili zilitoka zaidi ya milioni 20 kwenye viwanda viwili tu, McCord wa Detroit na Schlueter wa St. Louis. Baada ya vita wakaendelea kuitumia mpaka miaka ya 1980, na nchi kibao za Ulaya zikatengeneza zinazofanana nayo, kwahiyo nyingi za kwenye gulio hazijaona hata harufu ya 1944.

Hizi kofia ni mbili ndani ya moja, ganda la chuma na kofia nyepesi inayoingia ndani yake. Anza na ganda. Ukingo wake una ule utepe wa chuma uliozungushwa, tafuta mahali ncha zake mbili zinapokutana. Zikikutana mbele kwenye paji, ganda ni la kabla ya mwisho wa 1944 hivi. Zikikutana nyuma, ni la baada ya hapo, na linaweza kuwa la 1945 au la miaka ya 60. Kisha vile vishikio vya mkanda: vikiwa vimechomelewa havitikisiki ni vya mwanzo, vikicheza kama bawaba vilianza mwishoni mwa 1943. Ndani kwa mbele pana namba imegongwa, ni ya tanuru ya chuma, ikiwa na S pamoja nayo ni Schlueter. Ufa mdogo kwenye ukingo usikutishe, chuma kile kilikuwa na tabia hiyo na wengine wanaona ni dalili ya ukweli.

Kofia ya ndani, angalia paji lake: ya vita vya pili ina kitundu kidogo chenye pete cha kuwekea beji, za baadaye hazina. Utosini kuna alama ya kiwanda, Westinghouse, Firestone, Inland na wengine. Ganda la mwanzo likiwa na kofia ya ndani ya miaka ya 60 sio wizi, ndani ya jeshi zilichanganywa kila siku, lakini bei ishuke na muuzaji akubali.

Unayotakiwa kuikimbia ni ya askari wa miamvuli, yenye vishikio vya umbo la D. Ni chache mno, na mafundi wanachomelea vishikio vipya kwenye maganda ya kawaida. Mpaka umeshika za kweli kadhaa mkononi, hiyo iache. Na kuhusu bei, usiangalie bei wanazoomba watu kwenye soko la mtandaoni la eBay, yeyote anaweza kuomba anachotaka. Chuja uone zilizouzwa tayari, za miezi ya karibuni, zenye hali kama ya kwako, uchukue za katikati. Hiyo ndo bei. Neno Normandy lisikuongezee hata dola moja kama hamna karatasi.

*Mzee wangu shikamoo. Nina helmeti ya kijani ya chuma, ribiti sita kuizunguka, ndani kuna maandishi kama ya Kirusi. Aliiacha baba mdogo aliyekuwepo vita vya Kagera. Naweza kuitangaza mtandaoni? (Msomaji, Bukoba)*

Marahaba. Kwa maelezo yako ni ya ukoo wa SSh-40 ya Urusi ya Kisovieti, ribiti sita zikiwa chini karibu na ukingo, na ule mhuri una saizi, kiwanda na mwaka. Lakini usiitangaze popote. Tanzania raia haruhusiwi kukaa na sare na vifaa vya jeshi, mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba kila aliyenavyo asalimishe. Unaweza kusema hii ni ya zamani tena ni ya upande wa pili, lakini hilo la kumweleza askari mlangoni usiku sio wakati wake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, muongozane mpaka kituoni, eleza ilivyopatikana, na uliza kama inaweza kwenda makumbusho na jina la baba yako mdogo likaandikwa pale. Hayo ndo malipo yanayomfaa.

*Nimerithi helmeti nyeupe ya enzi za mkoloni, nyepesi kama boya, imefunikwa kitambaa. Je, hii nayo ni ya jeshi? Wadudu wameanza kuila. (Msomaji, Zanzibar)*

Inaweza kuwa ya jeshi au ya bwana shamba, maana wote walivaa. Ndani ni lile gome jepesi la vizibo vya chupa, au ile miti laini ya sola ya Bara Hindi. Ile ya maofisa wa Kiingereza, ya Wolseley, ina ukingo mpana unaoshuka nyuma kufunika shingo na vipande sita vya kitambaa vinavyokutana juu. Tafuta jina la duka ndani ya bitana na alama ya beji mbele, matundu mawili madogo yaliyopangana yanatosha kuonyesha paliwahi kukaa kitu. Wadudu wasikusubirishe: usipulize dawa. Itie kwenye mfuko safi uufunge vizuri, iweke kwenye friza wiki mbili, alafu uitoe mfuko ukiwa umefungwa hivyo hivyo, iache siku nzima ubaridi uishe kabla hujaufungua, la sivyo unyevu utaingia kwenye kitambaa. Baada ya hapo sanduku la karatasi, mbali na ukuta wa nje, na uikague kila mwezi. Ukipata jina la duka nitumie picha, hiyo nataka kuiona.